Bagamoyo au Pangani: uanzie mji upi?

Ukitaka kuujua mji mdogo wa pwani, Bagamoyo ndiyo rahisi. Iko kama kilomita 70 kutoka Dar es Salaam. Unaondoka asubuhi, jioni umerudi. Kuna magofu ya Kaole, misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868, na kumbukumbu za makao makuu ya Wajerumani kabla hayajahamishiwa Dar 1891. Historia yake imeshapangwa, waongozaji wapo.

Pangani inataka subira, na mimi naipenda zaidi. Mji umekaa pale mto unapoingia baharini, mto unaobeba maji ya Kilimanjaro na Meru. Ukisimama kwenye gati unaona jiografia yote kwa macho: huku mji, ng'ambo Bweni, na katikati maji ya rangi ya udongo yanayokutana na chumvi. Kwa miaka mingi pantoni ndiyo iliyounganisha pande hizo, na watu wakapanga siku zao kwa kuisubiri, na pikipiki zao, na beseni za samaki. Hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wajerumani, aliponyongwa Desemba 1889.

Mabadiliko nayo hayafanani. Bagamoyo inavutwa na Dar: viwanja vinauzwa, mashamba yanageuka makazi. Pangani inaguswa na barabara ya lami kutoka Tanga na mradi wa daraja juu ya mto.

Mwenye siku moja aende Bagamoyo. Mwenye siku tatu aende Pangani, alale mjini, avuke hadi Bweni, atembee kwa miguu.