cross_val_score ya scikit-learn (maktaba ya Python ya kufunza modeli kwa data): nzuri, ila ijue tabia yake
Kwa kukadiria kiwango cha makosa ya kiainishi (modeli inayopanga vitu katika makundi), zana hii inafaa sana. Inarudisha usahihi, utoe kwenye 1 upate makosa. Kwa kawaida hugawa data mafungu 5 yenye uwiano sawa wa makundi, kila fungu likijaribiwa kwa modeli iliyofunzwa na mengine, lakini haichanganyi mpangilio wa mistari ya data. Ukiipa KFold(3), yaani mafungu 3 yanayokatwa kwa mfuatano bila kujali makundi, kwenye data ya mfano ya Iris, ambayo maua yake 150 yamepangwa kwa spishi, makosa yanafika 100%: kila fungu la majaribio ni spishi ambayo modeli haijaiona kabisa. Hilo angalau linaonekana. Hatari zaidi ni kuchagua vipengele (sifa ambazo modeli itatumia) kabla ya kugawa, maana data ya majaribio huwa imechangia uchaguzi huo na makosa hushuka kwa uongo. Weka hatua hiyo ndani ya Pipeline, mnyororo wa hatua unaorudiwa upya kwa kila mgawo. Kasoro ya cross_val_score ni kutotoa kiwango cha shaka cha makadirio, hivyo kihesabu mwenyewe. Ukikosea maua 6 kati ya 150, yaani 4%, kosa sanifu (kipimo cha shaka hiyo) ni takriban 1.6%.