DVD ya maisha ya Jack Cardiff: uzoefu wa mpiga video za harusi

Nianze na kero. Nakala niliyoagiza kutoka Uingereza ilikuwa ya eneo namba 2 (DVD hufungwa kwa maeneo ya dunia), na deki za huku kwetu ni namba 5, kwa hiyo ilikataa kabisa. Muuzaji hakutaja hilo popote, na ujumbe wangu hadi leo hajaujibu. Nikaazima laptop ya shemeji. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha usitegemee.

Filamu yenyewe ni Cameraman: The Life and Work of Jack Cardiff, ya Craig McCall, inayomhusu Cardiff, mpiga picha za sinema wa Uingereza; ilitoka 2010, mwaka mmoja baada ya mzee kufariki akiwa na miaka 94. Sehemu kubwa anasimulia mwenyewe, na masimulizi anayaweza. Alizaliwa 1914, wazazi wake wasanii wa jukwaani, naye akaanza kuigiza angali mtoto. Miaka ya 1930 Technicolor, kampuni ya filamu za rangi, walipotafuta kijana wa kumfundisha kamera ya rangi, aliwaambia wazi kwamba mambo ya kitaalamu hayajui, akaanza kuongelea mwanga kwenye picha za wachoraji kama Rembrandt. Wakamchukua yeye.

Hiyo kamera sasa! Dude zima. Mwanga ukishaingia kwenye lenzi, prizimu inaugawa uende kwenye mikanda mitatu inayozunguka pamoja, na kwa kuwa inakula mwanga kupita kiasi, studio iliwashwa taa kali kama jua la saa saba mchana. Ukiwa na kifaa cha hivyo, rahisi ni kumwaga mwanga kila kona. Cardiff aliacha giza libaki giza.

Tazama Black Narcissus ya 1947, iliyompa Oscar. Milima ya Himalaya mle ndani imechorwa. Kazi ilifanyika studio ya Pinewood, Uingereza. Kuna sista aliyevua vazi la utawa, amevaa gauni jekundu, anajipaka rangi ya mdomo taratibu huku mwenzake akimtazama, mshumaa ukiwaka kati yao. Nilirudisha nyuma mara tatu. Midomo imejaa skrini nzima na hakuna anayesema neno.

Nilipokuwa napasubiri zaidi ni The African Queen ya 1951, aliyoipiga Uganda na Kongo. Hadithi yake ni ya 1914, enzi za Mjerumani huku kwetu, na kuna meli ya kivita ziwani. Sisi wa Kigoma hapo lazima tuikumbuke Liemba, meli ya zamani ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika. Wengi kambini waliugua kwa maji, isipokuwa mwongozaji John Huston na mwigizaji Humphrey Bogart, ambao kwa maelezo yao walikuwa wakinywa wiski. Kisa kitamu, ila mimi nilitamani kusikia na waliobeba lile dude la kamera porini.

Nyota nne. Ya tano wameikosa kwa sababu waalikwa ni wengi mno na kila mmoja anasifia. Ningewapunguza, mzee aachiwe muda.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na sendofu. Nilizima taa moja kati ya mbili, hii nyingine nikaisogeza pembeni, nusu ya uso wa bibi harusi ikaingia kivulini. Kwenye kioo cha kamera alipendeza ajabu. Haikupita dakika tano, mama yake akanifuata: "Mwanangu, taa yako imeungua? Tukutafutie nyingine?"