Uzoefu wangu na Civilization VI: kuwahi ushindi wa sayansi

Wengi wanaocheza Civilization VI, gemu ya kompyuta ya kujenga dola kwa zamu, huicheza kama watalii. Wanajenga kila ajabu la dunia, wanapigana vita viwili vitatu visivyo na sababu, na zamu ya 400 inawakuta bado wanajiuliza watashindaje. Gemu inaruhusu hivyo, maana kwa kasi ya kawaida inakupa zamu 500. Raha yangu mimi ni kuona roketi inaruka mapema iwezekanavyo. Na kwa muda niliokaa nayo, nimeridhika kwamba ushindi wa sayansi, yaani kufikisha chombo kwenye sayari ya mbali kabla ya wapinzani, huamuliwa ndani ya zamu 100 za mwanzo. Baada ya hapo unavuna tu.

Nazungumzia gemu ikiwa na nyongeza zake mbili kubwa, Rise and Fall ya 2018 na Gathering Storm ya 2019. Ile ya msingi, iliyotoka Oktoba 2016, ina hesabu tofauti kidogo.

Mji mkuu uweke zamu ya kwanza, au ya pili kama mto uko hatua moja tu mbele. Mji wenye maji matamu unaanza na makazi ya watu 5, wa pwani 3, usio na maji 2. Ukipata kilima kwenye nyanda kavu, kando ya mto, usitafute zaidi: uzalishaji wa katikati ya mji unakuwa 2 badala ya 1, na mwanzoni hiyo ni tofauti kubwa sana. Kisha toa skauti, toa mpiga kombeo, halafu walowezi mfululizo. Kadi ya sera iitwayo Colonization inakuongezea asilimia 50 ya uzalishaji wa walowezi, kwa hiyo ifukuzie mapema. Kila mlowezi unayemtoa anampandishia bei anayemfuata, ndiyo maana kadi hiyo haifai kukaa bila kazi hata zamu moja. Lengo langu huwa miji 10 ikifika zamu ya 100. Ibananishe. Sheria inadai vigae (vipande vya ramani) vitatu tu kati ya mji na mji, na miji iliyobanana inalindana na kusaidiana kuliko iliyotawanyika.

Sasa kampasi, wilaya ya mji inayozalisha sayansi, ambayo ndiyo roho ya mkakati wote. Kila mlima unaogusa kampasi unaipa sayansi 1. Vigae viwili vya msitu wa mvua vinatoa 1. Mwamba wa matumbawe unatoa 2, na ufa wa mvuke wa ardhini nao 2. Kwa hiyo nikiona bonde lililozungukwa na milima mitatu na ufa mmoja, napeleka mlowezi hata kama ardhi yenyewe haioti kitu: hiyo ni kampasi ya 5, na kadi ya Natural Philosophy inaifanya 10 kabla hujajenga hata maktaba.

Kuna jambo ambalo gemu haikuambii waziwazi. Gharama ya kampasi, na ya wilaya nyingine yoyote, inapanda kadiri unavyogundua teknolojia na kupitisha sera za kiraia. Ila ukishachagua kigae na kuanza ujenzi, bei inaganda palepale. Mji mpya ukizaliwa, weka kampasi siku hiyohiyo, hata ukiamua kuiacha kwanza utoe fundi au mlowezi. Utairudia baadaye kwa bei ya zamani, na ukiwa na gavana Magnus mjini, unakata msitu mmoja na kazi inaisha. Magnus anaongeza asilimia 50 kwenye kila unachovuna kwa kukata miti.

Eureka nazo, yaani zawadi za utafiti unapotimiza jambo fulani, zisikupite. Kila moja inakulipia asilimia 40 ya utafiti. Mpiga kombeo akimuua barbari mmoja, utafiti wa upinde umekaribia nusu. Ukifuga, ukifungua machimbo ya mawe, ukituma msafara wa biashara, kila kimoja kina malipo yake. Mazoea yangu ni kutafiti teknolojia mpaka ibakize sehemu ile ambayo Eureka itailipa, kisha nahamia nyingine. Kumalizia utafiti kwa nguvu zako wakati Eureka iko zamu tatu mbele ni kutupa sayansi bure.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapoipenda gemu hii kuliko zote. Miongoni mwa maajabu kuna Kilwa Kisiwani. Ndiyo, Kilwa yetu ya Lindi, ile aliyoitembelea Ibn Battuta mwaka 1331, iliyotajirika kwa dhahabu ya Sofala na kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Inadai teknolojia ya Machinery na kigae tambarare kinachogusa pwani. Ikikamilika unapata wajumbe 3 wa kupeleka kwenye miji huru, ile midogo isiyo ya dola yoyote. Kisha ukiwa mlezi wa mji huru wa sayansi, yaani mwenye wajumbe wengi humo kuliko wapinzani, mji wenye Kilwa unaongezewa asilimia 15 ya sayansi. Ukiwa mlezi wa miji huru ya sayansi miwili au zaidi, asilimia 15 nyingine inaenea kwenye miji yako yote. Kwa anayewahi roketi, sioni ajabu jingine la enzi hizo linaloifikia. Na waliobuni walielewa: Kilwa halisi iliishi kwa mahusiano na watu wa mbali, na ndani ya gemu inamlipa mwenye mahusiano. Zanzibar nayo imo kama mji huru wa biashara. Ukiwa mlezi wake unapata karafuu na mdalasini, na kila kimoja kinaridhisha miji 6 wakati bidhaa nyingine za anasa huishia miji 4.

Katikati ya mchezo ni vyuo vikuu, misafara na subira. Mwishoni ndipo watu hupoteza zamu walizookoa. Setilaiti, mwezi, Mars, halafu safari ya sayari ya mbali, na chombo kikishaondoka bado hujashinda: kinatakiwa kusafiri miaka nuru 50, mwaka mmoja kwa kila zamu. Bila maandalizi hizo ni zamu 50 za kutazama. Vituo vya leza, vinavyotengenezwa kwenye viwanja vya roketi, vinaongeza mwendo, kila kimoja mwaka nuru 1 kwa zamu. Ukiwa na vitatu unakwenda 4 kwa zamu, na safari nzima inakwisha kwa zamu 13. Kwa hiyo kiwanja kimoja cha roketi hakitoshi. Jenga viwili au vitatu kabla chombo hakijaondoka, miji yake iwe na umeme wa kutosha, maana leza ya ardhini bila umeme haisukumi.

Udhaifu upo. Kwenye Deity, ngazi ngumu kuliko zote, wapinzani wanaanza na walowezi watatu wewe ukiwa na mmoja, lakini wakishapitwa hawakimbizi tena, kwa hiyo ushindani wa mwisho unakuwa na saa tu. Laptop ya kawaida huchoka zamu za mwishoni kwenye ramani kubwa. Washa mwendo wa haraka na mapigano ya haraka kwenye mipangilio, chagua ramani ndogo, na kama jioni ni fupi tumia kasi ya Online yenye zamu 250. Kiswahili hakimo, na maandishi ni mengi.

Anayeanza namshauri amchukue Seondeok wa Korea, ambaye kampasi yake, Seowon, inajengwa kilimani kwa nusu bei na kuanza na sayansi 4. Ila isigusane na wilaya nyingine, kwa sababu kila inayoigusa inaipunguzia 1.