Samadi ya pembe kwenye tungule zangu: msimu mmoja Konde

Nilitoa Sh 40,000 kwa kijifuko cha samadi iliyokaa ndani ya pembe ya ng'ombe, na usiku ule sikulala vizuri. Hapa Konde mtu kununua mavi ya ng'ombe ni kituko.

Ndicho kilimo cha bayodinamiki, kilichotokana na mihadhara ya mwanafalsafa wa Austria, Rudolf Steiner, ya mwaka 1924. Samadi hushindiliwa kwenye pembe ikafukiwa majira yote ya baridi ya Ulaya. Ikifukuliwa hainuki tena, imekuwa kama udongo mweusi. Konzi moja unaikoroga ndooni saa nzima: unazungusha kulia mpaka maji yafanye shimo katikati, kisha unageuza kushoto. Jirani alipita akauliza, "Shekhe, mchuzi huo bado tu kuiva?" Mkono uliniuma siku mbili.

Baada ya masika nilipanda matuta tisa ya tungule. Matatu nilitia mboji nikanyunyizia na maji ya pembe, matatu mboji peke yake, matatu sikutia kitu. Haya ya mwisho yalinitia aibu, matunda ya kuokoteza. Yale sita? Kila mchumo nilipima kwa ndoo, tofauti sikuiona. Mke wangu, niliyemficha lipi ni lipi, aliyakagua yote akashindwa kuyatenga. Mnyauko nao haukubagua.

Iliyonifaa ni mboji, na hiyo niliipika mwenyewe kwa samadi ya bandani, majani ya migomba na maganda ya jikoni. Udongo ulishika maji, nikawa namwagilia mara moja kwa siku badala ya mbili. Kwa haki, kupanga tabaka, kugeuza na kufunika nilifundishwa na huyo huyo muuzaji. Somo hilo ndilo lililostahiki pesa zangu.

Ila aliposema mavuno yatapita ya mbolea ya dukani, alitia chumvi. Uswisi kuna majaribio ya mashambani tangu 1978: mazao ya bayodinamiki na ya kilimo hai, kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani, yalitoka chini ya yale ya kilimo cha kawaida kwa kama asilimia 20, ingawa mbolea iliyotumika ilikuwa kidogo zaidi na udongo ulijaa uhai. Angeniambia hivyo, ningenunua vile vile.

Kalenda yake ya kupanda kwa kufuata mwezi sikubishana nayo. Babu yangu naye hakukata boriti bila kutazama mwezi.

Kijifuko kimebaki nusu. Anayekitaka aje achukue bure, kukoroga ashike mwenyewe.