Pawa saplai ya volti 12 kwa tyubu ya leza: uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka: inafanya kazi, na kwa bei niliyolipa ningeinunua tena. Ila ukiitoa kwenye karatasi na kuifunga moja kwa moja kwenye tyubu, unaweza kuiharibu tyubu jioni hiyo hiyo, na muuzaji hakuandika popote kwamba kuna kitu kimekosekana.

Ninazungumzia pawa saplai ndogo ya tyubu za heliamu na neoni, zile za glasi zinazotoa mwali mwekundu wa nanomita 632.8. Ndizo zilizokuwa ndani ya mashine za kusoma bei kwenye supamaketi kabla leza za chipu hazijashuka bei. Skana iliyosoma pakiti ya chingamu kule Troy, Ohio, Juni 1974, ilikuwa na tyubu ya aina hii. Yangu ilitolewa kwenye mashine kuukuu kama hizo. Ni ya miliwati 1 hivi, na ilikaa kwenye droo muda mrefu kwa kukosa umeme wake.

Umeme wenyewe ni wa ajabu kidogo. Gesi ikiwa haijawaka haipitishi umeme, kwa hiyo lazima uipige kwa volti 7,000 hadi 10,000 ndipo iwake. Ikishawaka, haitaki tena zaidi ya volti 1,100 hadi 1,500, na mkondo wa miliampea 4 hadi 6 basi. Tena ukizidisha mkondo, volti za tyubu zinashuka badala ya kupanda. Ndiyo maana lazima kuwe na rezista (kile kifaa kidogo cha kubana mkondo) ya kuituliza, kwa kawaida kilo-ohm 75, karibu kabisa na anodi, yaani upande wa chanya wa tyubu. Bila hiyo tyubu inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, au inakula mkondo usio wake.

Mzigo ulipofika, nilikuta bonge jeusi la epoksi, ile gundi inayokauka ikawa ngumu, lenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Upande mmoja waya mbili za kuingiza, nyekundu na nyeusi. Upande wa pili waya mbili za kutoa, zote nyeupe. Hakuna alama ya chanya wala hasi, hakuna rezista, hakuna karatasi ya maelezo. Nilimwandikia muuzaji, akajibu, "Haina shida, funga tu." Sasa, tyubu hizi zina upande. Kathodi, yaani upande wa hasi, ni ile silinda kubwa ya alumini iliyo ndani. Ukiigeuza, chembe za chuma zinang'oka upande usiostahili na kwenda kupaka kioo. Kwa hiyo hapo nampa alama ya chini kabisa.

Nikashuka Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki hapa Nairobi, kutafuta rezista. Fundi niliyemkuta aliuliza, "Hizi ni za TV gani, boss?" Nikamwambia si za TV, ni za volti kama elfu kumi. Akanitazama, akainama chini ya meza, akatoa waya mwekundu mnene wa flaibeki, ule uliokuwa unaingia ubavuni mwa skrini ya TV za kizamani. "Huu ulikuwa unabeba elfu ishirini na ushee. Shika." Waya huo ndio bora zaidi utakaoupata mjini kwa kazi hii, na unauzwa kwa bei ya takataka. Rezista nilichukua tano za kilo-ohm 15, za wati 1 kila moja, nikaziunganisha mfululizo. Usitafute moja ya kilo-ohm 75. Kwa miliampea 5 itabeba volti 375 na kutoa joto la karibu wati 2 peke yake, na zile ndogo za robo wati hazikutengenezwa kwa volti hizo.

Kabla ya kuigusa tyubu, niliipa pawa saplai mzigo wa bandia wa kushika nafasi ya tyubu: rezista tano za kilo-ohm 47, za wati 2, pamoja na moja ya kilo-ohm 1 mwishoni. Mita inawekwa kwenye hiyo ya mwisho tu, na inafungwa kabla ya kuwasha. Kila volti 1 inayosomeka ni miliampea 1. Mita ikaonyesha 6.4, na alama ya hasi mbele yake. Hapo nikajua mambo mawili kwa mpigo: waya upi ni upi, na kwamba mkondo uliosetiwa ni mkubwa mno kwa tyubu yangu ya miliampea 5. Ubavuni mwa epoksi kuna kitundu chenye skrubu ndogo ya shaba. Niliizungusha kinyume cha saa kwa bisibisi ya plastiki hadi ikasoma 5.0, na haijasogea tangu hapo. Hili nalisifu bila kinyongo. Pawa saplai nyingi za bei hii hazirekebishiki.

Ilipowashwa na tyubu yenyewe kulikuwa na kimya kifupi, kisha ule mfereji mwembamba katikati ya glasi ukajaa mwanga wa rangi ya waridi iliyoelekea machungwa, na nukta nyekundu ikatua ukutani. (Ukiona zambarau au buluu, hewa imeingia ndani ya tyubu. Usilaumu pawa saplai.)

Tatizo lililofuata lilikuwa adapta. Inahitaji karibu ampea 1 kwa volti 12, kwa hiyo adapta ya kamera za CCTV inayoandikwa ampea 2 ingetosha kwa raha. Ila ile ya kwanza niliyoijaribu ilishuka hadi volti 9 kila tyubu ilipotaka kuwaka, ikawa ni tik, tik, tik bila kukoma. Nikafunga betri ya gari, tik zikaisha. Siku hizi natumia betri tu, na stima ikipotea mtaani leza haina habari.

Jambo ambalo hakuna muuzaji wa ng'ambo atakuambia ni kimo chetu. Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 na ushee ya lile la Mombasa. Hewa nyepesi hupasuliwa na umeme kwa urahisi zaidi. Nafasi kati ya waya ambayo pwani ingetosha, huku ilikuwa inazomea gizani na kutoa harufu kali ya ozoni. Nilizidisha nafasi, nikalainisha kila ncha kali ya solda, nikavisha mipira ya silikoni. Kimya.

Usalama: miliampea 5 kwa zaidi ya volti 1,000 si mchezo, na ndani ya epoksi kuna kapasita zinazobaki na chaji baada ya kuzima. Mimi huweka mkono mmoja mfukoni, nasubiri, kisha naziunganisha waya za kutoa kupitia rezista kabla ya kugusa chochote. Mwali wa miliwati 1 nao usiutazame moja kwa moja, wala usiuache mahali watoto wanapita.

Naitumia kwa majaribio ya mwingiliano wa mwanga, na inatulia vizuri baada ya kupata joto kama nusu saa. Kabla ya hapo nguvu ya mwali hupanda na kushuka kwa sababu glasi inatanuka. Hiyo ni tabia ya tyubu, si kasoro ya kifaa hiki. Ukiwa na tyubu ndefu ya miliwati 5, usiinunue hii. Hizo zinataka karibu volti 2,000 au zaidi kwa miliampea 6.5, na hapa hazitawaka, au zitawaka na kuzima. Na yeyote atakayekushauri utumie pawa saplai ya mashine ya kuchonga mbao, ile ya tyubu ya kaboni dayoksidi, mkatalie. Ile inasukuma miliampea 20 na kitu, na inaua mtu.