Scribus 1.6: Menyu ya Faili, kutoka ukurasa mtupu hadi kwa mchapaji

Habari za leo, ndugu watazamaji, karibuni tena. Mezani leo nina laptopu hii ya Windows, na ndani yake Scribus toleo la 1.6, lile lililotoka tarehe 1 Januari 2024. Sitaichambua programu nzima, maana tutakesha. Nataka tukae kwenye menyu moja tu, ile ya kwanza kabisa juu kushoto, menyu ya Faili. Nimeichagua kwa sababu maswali mengi mnayoniuliza, mara picha zimepotea, mara rangi zimetoka tofauti, mara faili halifunguki kwa mwenzangu, majibu yake yamo humu.

Kwa ambaye ndiyo anaisikia leo: Scribus ni programu ya kupanga kurasa. Vipeperushi, vijitabu, kadi za michango, majarida, yote unafanyia humu. Ilianzishwa na Franz Schmid mwaka 2001, iko chini ya leseni huria ya GPL, kwa hiyo hulipii hata shilingi, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac.

Haya, nabonyeza Faili. Juu kabisa kuna amri ya kuanzisha waraka mpya, Ctrl na N. Linatokea dirisha kubwa, na hapa naomba usikimbilie kubonyeza OK. Chagua ukubwa wa karatasi, mimi naweka A5. Chagua mpangilio: ukurasa mmoja mmoja, au kurasa mbili zinazotazamana kama kitabu, au karatasi ya kukunja mara tatu. Badilisha kipimo kiwe milimita, maana ndicho anachokielewa mtu wa mashine. Halafu tazama hapa, pana kichupo kimejificha pembeni ya kile cha pambizo. Humo ndimo unapoweka ukingo wa ziada, ile sehemu ya rangi inayovuka mstari wa kukatia. Weka milimita 3 kila upande. Ukiusahau sasa unaweza kuuongeza baadaye kwenye mipangilio ya waraka, lakini itabidi urudi ukurasa kwa ukurasa kuvuta kila picha na kila rangi ya nyuma ifike nje.

Na kwa kuwa nimetaja mipangilio, hapo hapo kwenye menyu ya Faili kuna mistari miwili inayowachanganya watu wengi. Mmoja umeandikwa Document Setup, mwingine Preferences. Wa kwanza unabadilisha waraka huu uliofungua sasa hivi. Wa pili unapanga jinsi nyaraka zako zijazo zitakavyoanza. Mtu anaingia kwenye Preferences, anabadilisha pambizo, anarudi kwenye ukurasa wake anakuta hakuna kilichobadilika, anasema programu mbovu. Siyo mbovu, umegusa mlango wa jirani. Mimi nikiiweka Scribus kwenye mashine mpya, kitu cha kwanza naingia Preferences naweka milimita na A4, basi, sihangaiki tena.

Kuhifadhi ni Ctrl na S kama kwingine kote. Faili linapata kiambishi cha sla. Sasa nisikilizeni vizuri, maana kila ninachosema baada ya hapa kinasimama juu ya jambo hili: ndani ya faili la sla picha zako hazimo. Yamo maandishi, zimo fremu, yaani visanduku vya kubebea maandishi na picha, zipo rangi, ipo mipangilio. Picha yenyewe inabaki kule ulikoiacha kwenye diski, na Scribus inaandika tu njia ya kuifikia. Ndiyo maana kijitabu chenye picha nzito za simu kinaweza kuwa na faili dogo kabisa.

Hili nililijua kwa uchungu. Alipofariki shangazi yangu nilipewa kazi ya kupanga kijitabu cha ibada, kurasa 8, picha 11 nilizokusanya kwa ndugu. Nikamaliza jioni, nikanakili lile faili la sla kwenye fleshi, nikapanda gari mpaka Kariakoo. Kijana wa pale alikuwa na Scribus, akafungua, na mahali pa kila picha pakatokea fremu tupu yenye X nyekundu. Picha zote 11 ziko nyumbani Mbagala, mazishi ni kesho saa nne asubuhi. Nilirudi usiku ule kuzifuata. Shangazi alizikwa watu wakiwa na kijitabu mkononi, nashukuru Mungu, lakini ule usiku siutamanii kwa mtu yeyote.

Dawa yake ni amri hii hapa, Collect for Output. Maana yake kusanya kila kitu tayari kwa kwenda nje. Kwangu mimi hii ndiyo amri bora kuliko zote kwenye menyu hii, na inasikitisha kuona watu wanairuka. Nabonyeza, inaniuliza folda. Natengeneza folda mpya, isiyo na kitu, naiita kijitabu-tayari. Hapa chini kuna visanduku vya kuweka tiki. Cha kujumuisha fonti, natia tiki. Cha profaili za rangi, natia tiki. Cha kubana faili nakiacha. Nakubali. Sekunde chache tu. Tuifungue hiyo folda tuone: faili la sla, picha zangu zote, na fonti mbili nilizotumia, Lato na Noto Serif. Scribus imenakili picha na kuzielekeza njia zake upya, kwa hiyo ukihamisha folda nzima kwenye fleshi hakuna kinachopotea. Angalizo moja tu kwenye fonti: hizi mbili ni za leseni huria, nampa mwenzangu bila shaka. Kama fonti yako umeinunua, soma leseni yake kabla hujaigawa.

Kuna Hifadhi Kama, Ctrl, Shift na S. Hii itumie hasa unapofungua kazi ya zamani iliyotengenezwa kwenye toleo la 1.4. Toleo la 1.6 linaifungua, na linakuonya kwamba ukiihifadhi, toleo la zamani halitaweza kuisoma tena. Onyo hilo ni la kweli. Usibonyeze OK kwa mazoea. Fungua, nenda moja kwa moja Hifadhi Kama, ipe jina jingine, ile ya asili ibaki ilivyo. Na kama mnafanya kazi wawili, mmoja ana 1.4 na mwingine 1.6, nyote hamieni 1.6 siku moja.

Kuna pia amri ya kurudisha waraka kama ulivyokuwa ulipohifadhi mara ya mwisho. Nimeitumia mara chache, nikiwa nimevuruga ukurasa kiasi kwamba kutengua hatua moja moja ni kupoteza muda. Inakuuliza kwanza kama una uhakika, nami naipenda kwa hilo.

Sasa kuprinti. Ipo amri ya kuprinti, Ctrl na P, na kuna onyesho la kabla ya kuprinti, ila kwenye Windows hilo onyesho linahitaji uweke pembeni programu nyingine iitwayo Ghostscript, Scribus haiji nayo. Kwa kazi ya karatasi moja ya ofisini sawa. Kwa kazi yenye maana mimi sipiti hapo kabisa. Natoa PDF, halafu naiprinti hiyo PDF. Na kusema ukweli, kutengeneza PDF ndiyo kazi ambayo Scribus inaifanya kwa nguvu kuliko kitu kingine chochote.

Faili, kisha Export, kisha Save as PDF. Kabla hata haijafungua dirisha la PDF, tazama, imenisimamisha. Huyu ni mkaguzi wake. Ananiambia ukurasa wa 3 una picha yenye ubora mdogo, na ukurasa wa 5 una maandishi yaliyozidi fremu. Nabonyeza hilo la ukurasa wa 5, ananipeleka pale pale. Tazama pembe ya chini ya fremu, mistari miwili ya mwisho ya wasifu imemezwa, haionekani kabisa, yale majina ya wajukuu! Ungechapa nakala 300 ndiyo ugundue. Naivuta fremu chini kidogo, majina yanarudi.

Ya ukurasa wa 3 ni picha iliyopitia WhatsApp. Ina upana wa pikseli 800, na mimi nimeitandaza sentimita 15. Ukipiga hesabu inakuja kama 135 dpi, yaani nukta 135 kwa kila inchi. Mkaguzi ameandaliwa kulalamika picha ikishuka chini ya 144, na kwa mashine ya kuchapa wengi tunataka 300. Hapa hakuna ufundi wa kukuokoa. Ama uifanye picha iwe ndogo, ama umpigie aliyeituma umwombe aitume kama dokumenti, isibanwe. Kipo kitufe cha kupuuza makosa na kuendelea. Kitumie tu ukishasoma kila mstari.

Tuko ndani ya dirisha la PDF. Vichupo ni vingi, na hapa naikosoa Scribus: mtu mgeni anatishika. Vya kuangalia kwa kazi ya mashine ni vitatu. Kwenye fonti, hakikisha zote zimeingizwa ndani ya PDF. Kwenye rangi, imeanza na chaguo la skrini na wavuti, na hilo ndilo linalotoa rangi za RGB, zile za mwanga wa skrini. Badilisha liwe la printa, rangi zitoke CMYK, zile za wino nne za kuchapia. Kwa maoni yangu programu ya kupanga kurasa za kuchapwa ingeanza na printa, lakini ndivyo ilivyo, kwa hiyo kagua kila mara. Kwenye kichupo cha mwisho, cha maandalizi ya kuchapa, weka tiki kwenye alama za kukatia na utumie ule ukingo wa milimita 3 tuliouweka mwanzo. Mchapaji akikutaka PDF/X-3, aina ya PDF ya kuchapia, na huioni kwenye orodha, ni kwa sababu hujawasha usimamizi wa rangi. Rudi mipangilio ya waraka uuwashe, itatokea.

Kwa bango la kurusha kwenye magrupu, hapo hapo kwenye Export kuna kuhifadhi kama picha, Ctrl, Shift na E. Chagua PNG, ongeza dpi, kazi imeisha.

Nimalizie na watu wa steshenari, maana nyinyi ndio mnaoniandikia sana. Microsoft ilitangaza kwamba Publisher, programu yake ya kupanga kurasa, inafikia mwisho wake Oktoba 2026, na wenye Microsoft 365 baada ya hapo hawatafungua tena mafaili yao kwa kutumia Publisher. Najua kuna maduka yenye kazi za wateja za miaka kumi zilizo kwenye pub, yaani mafaili ya Publisher. Scribus inaweza kuingiza pub, iko Faili, Import. Nimejaribu mbele yenu, hii ni kadi ya mchango ya zamani. Maandishi yameingia, ila tazama nafasi kati ya mistari, na hili ua la pembeni limehama. Inakubali kurekebishwa, lakini kwa kadi moja tu nimetumia karibu nusu saa. Kwa hiyo usitegemee kuhamisha duka zima kwa njia hii. Kazi unazojua mteja atarudi kuziulizia, zipange upya kwenye Scribus na uzihifadhi kama kiolezo, amri yake iko humu humu kwenye Faili. Zilizobaki, wakati Publisher yako bado inafungua, zitoe zote PDF, na picha zake ziweke kwenye folda moja na PDF hiyo. Anza na za wateja wa shule, ndio wanaorudi kila Januari.