Redio au mkutano wa mtaa: elimu ya dengue ipite wapi?

Mvua za masika zikikaribia Dar es Salaam, swali hili hurudi. Baada ya milipuko ya homa hii ya mbu ya 2014 na 2019, si swali la kupuuza.

Kwa kufikia wengi, redio haina mpinzani. Dakika kumi za asubuhi zinamkuta dereva wa daladala, mama lishe wa Buguruni na fundi wa Manzese kwa pamoja. Muda wa hewani ni ghali, lakini ukiugawanya kwa wasikilizaji, ni nafuu. Mkutano unataka viti, spika na nauli tu, ila watu ni wachache.

Kwenye kueleweka, mambo hugeuka. Redio ikisema "ondoeni maji yaliyotuama", wengi hufikiria mtaro mchafu, kumbe Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengue, hutaga zaidi kwenye maji masafi: ndoo, tairi, pipa. Mbagala nilimwona mama akichungulia kopo la viluwiluwi wa mbu lililoletwa mkutanoni. "Hawa si wadudu wa maji tu, mwanangu? Mbona kwangu wamejaa?" Akaelezwa kwamba kumwaga hakutoshi, mayai hung'ang'ania ukutani mwa pipa na kustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo lisuguliwe. Aliuliza mara tatu, akajibiwa mara tatu. Kazi hiyo tangazo la redio haliiwezi.

Una onyo la wiki hii kwa jiji zima? Nenda redioni. Unataka mtaa mmoja ubadili mazoea, na una mtu wa kurudi tena mwezi ujao? Itisha mkutano, na kopo usilisahau.